Ile Simu ya Mahari

Mama yangu mpendwa,

Kitale sasa tunapiga simu bila kumwomba mtu. Unainua mkono wa simu, unasikia mlio mmoja mrefu, unabonyeza namba, na Bungoma inaitika kabla hujakaa vizuri kitini. Najua ungeniuliza yule opereta amepelekwa wapi, maana wewe mtu akitolewa kazini ulikuwa hutulii mpaka ujue anakula nini. Amehamishiwa mapokezi. Hajambo, amenenepa kidogo, na bado anajua habari za kila mtu.

Nakuandikia kwa sababu kuna jambo nilikuficha miaka minane, ukaondoka sijakuambia. Nilitaka kukuambia kando ya kitanda chako mwezi ule wa mwisho, lakini kila nilipofungua kinywa ulinituma maji. Nitakuambia hapa, mbele ya yeyote atakayesoma, maana sina tena haya nayo. Habari nzuri ninayo pia, ila nisubiri nifike huko kwa utaratibu wangu. Unanijua, siwezi kuchora nyumba kuanzia paa.

Wewe uliniita Nanjara. Jina langu ni Nanjala, wewe mwenyewe ndiye uliyenipa, lakini kinywani mwako lilitoka na r, na hivyo ndivyo nilivyoliandika siku yangu ya kwanza shuleni Kachibora. Mwalimu alinichapa viganja viwili, akaniandikisha herufi l mpaka ukurasa ukajaa. Tangu jioni hiyo nikawa askari wako wa herufi. Sio balabala, mama, ni barabara. Sio lamani, ni ramani. Ukawa unacheka tu, unaendelea kupepeta mtama, unaniuliza, "Si umenisikia? Kama umenisikia, nimekosea wapi?" Sikuwahi kupata jibu, nami nikakasirika zaidi.

Labda ndiyo maana nilipenda kazi yangu. Katika ofisi ya michoro ya mji, mimi ndiye niliyeandika majina ya barabara na namba za viwanja, herufi moja moja, kwa kalamu nyembamba ya wino. Herufi moja ikikosewa kwenye ramani, mtu anajikuta anabisha lango la jirani na hati mkononi. Ofisi nzima ilijua kwamba mchoro ukipita kwangu hauna kosa. Nilijivuna, mama, sitakudanganya.

Kisha ukaja ule mradi wa mtaa mpya, upande wa chini ya soko. Barabara zake zote zilikuwa zitiwe lami. Wakati huo simu ya Kitale bado ilikuwa ya kumwomba opereta akuunganishe, na kompyuta nilikuwa nimeiona kwenye gazeti tu. Wafula akatoka Bungoma na wazo lake. Alikuwa fundi wa simu, amepewa kupanga njia za nyaya za miji yote miwili, na alisema jambo ambalo wakubwa wangu walilicheka kwanza: kabla ya lami, tuzike mabomba matupu chini ya kila barabara. Mtambo wa kidijitali utakuja, alisema, na kompyuta zitakuja nyuma yake, na siku hiyo hakuna atakayekubali lami yake ipasuliwe.

Nilikueleza haya ukiwa unapukuchua mahindi. Uliniuliza ni nini kitaingia kwenye mabomba hayo, nikasema nyaya. Nyaya ziko wapi? Hazijafika. Zitafika lini? Hatujui. Ukasimamisha mikono.

"Kwa hivyo mnajenga zizi na ng'ombe hakuna," ukasema. Nikajiandaa kubishana, lakini ukaongeza, "Ni vizuri. Ng'ombe ikikuja usiku mtaiweka wapi?"

Mhandisi wa mji hakuelewa haraka kama wewe. Alikubali mabomba kwa sharti moja: tumwonyeshe kiwanja cha nyumba ya mitambo, pale ambapo mabomba yote yatakutana. Bila kiwanja, alisema, anazika mabomba yasiyokwenda popote. Na alitupa muda mpaka kokoto ziishe kumwagwa. Baada ya hapo lami ingewekwa, pawe na mabomba au pasiwe. Shida ni kwamba viwanja vyote vya mtaa ule vilikuwa vimeshagawiwa. Mimi nilitafuta kwenye ramani za Kitale, Wafula akatafuta kwenye ramani za zamani zilizohifadhiwa Bungoma, na karibu kila asubuhi tulipigiana simu kuambiana kwamba hatujapata kitu.

Hapo ndipo nilipoanza kuharibika. Mtu hawezi kuulizwa kila asubuhi kama amekunywa chai, na kama mvua ya jana ilimnyeshea, halafu akabaki salama. Ulimwona mara moja tu, siku alipokuja kupima njia ya nguzo za Kachibora ukamkaribisha ugali na mrenda. Aliomba aongezewe. Jioni hiyo ulisema, "Huyo Wafura anakula kama mtu amefika kwao," nami nikakuambia ni Wafula, mama, kwa l.

Yeye pia alikuwa amechapwa shuleni, unajua. Alitamka maneno yake kwa uangalifu, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Akifurahi tu ndipo alipojisahau na r zake zikarudi zote. Kwa hiyo siku ile ya Alhamisi opereta aliponiunganisha, na nikasikia "Nanjara" badala ya Nanjala, nilijua kwamba kuna jema.

"Nanjara, nimepata mahari," akasema.

Laini ilikuwa inakaanga kama kawaida yake. Nikamwomba arudie.

"Mahari. Nimetafuta mwaka mzima, sasa nimepata. Na ni nzuri, hata watu wenu hawawezi kataa. Nakuja Jumamosi niwaonyeshe."

Angesema "pazuri", mama, leo nisingekuwa na la kukuandikia. Lakini ni nani Bungoma husema pazuri? Mimi, mtu wa herufi, mtu ambaye hakuna kosa linalompita, nilisikia mahari na nikaamini mahari. Nilimwambia Jumamosi ofisi imefungwa, aje nyumbani Kachibora, watu watamngoja huko. Alishangaa kidogo, akasema sawa, kama huko ndiko mkutano utafanyika. Nilipokuwa bado nimeshika mkono wa simu, opereta akaingia kwenye laini na kuniambia, "Hongera, dada." Hata yeye alikuwa amesikia nilichosikia mimi.

Ijumaa jioni nilikukuta nyuma ya jikoni. Nikakueleza neno kwa neno. Ukaniuliza kama alisema hivyo hivyo, mahari. Nikasema hivyo hivyo. Ukaniuliza kabla ya hapo tulikuwa tunaongea nini. Nikasema ya kazi tu, mabomba na kiwanja. Ulitazama chini kidogo, nikaona tumbo lako linatikisika, nikadhani ni furaha. Kisha ukasema, "Haya," ukafunga leso kiunoni, ukatuma ujumbe kwa baba mkubwa kule Ndalu na kwa baba mdogo.

Jumamosi Wafula alifika matope mpaka magotini, akisukuma baiskeli, na mgongoni amefunga lile bomba refu la karatasi la kubebea ramani. Baba mdogo alimnong'oneza baba mkubwa kwamba kijana amekuja na fimbo yake. Nilikuwa natengeneza chai. Nilikuona unamchukua kabla hajaingia sebuleni, unampeleka kando ya ghala anawe mikono. Mlikaa sana. Nilichungulia kwenye mwanya wa mbao nikakuona umeshika birika, unamwagia maji kidogo kidogo, unaongea, naye ameinama, mikono yake inasuguana bila kuisha. Nikadhani unamuuliza ukoo wake.

Alipoingia alisalimia wazee mmoja mmoja, akakaa. Baba mkubwa akamwambia tumesikia ana neno. Wafula akafungua bomba lake, akatandaza ramani juu ya vitambaa vyako vya meza, na hapo mimi, nikiwa mlangoni na sinia la vikombe, nikaona. Ulikuwa mtaa mpya. Kwenye pembe ya juu, pale palipotengwa zamani kwa tangi la maji ambalo halikujengwa, alikuwa amezungushia duara kwa kalamu nyekundu. Mahali. Alikuwa amepata mahali pa nyumba ya mitambo, amekuja kuwaonyesha wakubwa wangu wa ofisini, na mimi nilikuwa nimemwitia baba zangu.

Sijui vikombe havikuangukaje. Wazee waliinama juu ya ramani, na baba mkubwa akauliza kama hiyo ndiyo shamba ya kwao, na kama ile duara ndiyo boma.

Wafula alitazama ramani. Kisha akanitazama mimi. Kisha akaikunja polepole, akairudisha kwenye bomba lake.

"Hapana, wazee," akasema. "Hiyo ni ya kazi, nitaionyesha Jumatatu. Hii ingine nimekuja kuomba mnipe siku, nilete wazazi wangu."

Wakampa siku. Wewe ukacheka, ukaniambia chai inapoa.

Jumatatu alimwonyesha mhandisi ile duara nyekundu. Kiwanja kikakubaliwa, mabomba yakazikwa, na ndani ya kila bomba Wafula akaacha kamba, ncha moja kila upande, ili siku nyaya zitakapofika zifungwe kwenye kamba na kuvutwa. Wiki iliyofuata lami ikamwagwa. Sisi tukafunga ndoa baada ya mavuno.

Sasa ndilo hili nililokuficha. Miaka minane nilikuacha uamini kwamba Wafula alikuja kuniposa. Nilijua kwamba alikuja kutafuta kiwanja cha simu, akajikuta amezungukwa na wazee na chai mezani, na kwa kuwa ni mtu mpole akaona afadhali anioe kuliko aniaibishe mbele ya watu wetu. Sikuwahi kumuuliza. Niliogopa jibu lake, maana Wafula hajui kudanganya. Akinyamaza wakati wa chakula, nilijiambia, leo anajuta. Akichelewa Bungoma siku mbili kwa kazi, nilijiambia hivyo hivyo. Hata siku alipombeba mtoto wetu wa kwanza na machozi yakamtoka, mimi nilijiuliza kama analia kwa furaha au kwa kuona sasa hatoki tena. Nilikuwa na mume mzuri na sikuweza kumfurahia nikatosheka.

Na wewe ulikuwa unazidi kunichoma bila kujua, au hivyo ndivyo nilivyodhani. Wanawake wa kanisa wakilalamika juu ya wakwe zao, wewe ulisema kila mara, "Wangu Wafura hakuvutwa na mtu. Aliingia na miguu yake." Mimi nilitazama sakafu. Mara nyingine ulinitazama ukisema hivyo, kama unaningoja niseme kitu. Nilisema ni Wafula, mama.

Mwezi uliopita nyaya zilifika. Mtambo wenyewe uko ndani ya nyumba ndogo nyeupe, pale pale kwenye duara nyekundu, kwenye chumba baridi kinachonguruma. Mafundi walikuwa na wasiwasi. Miaka minane chini ya lami, walisema, mabomba yatakuwa yameziba, panya watakuwa wamekula kamba, itabidi tupasue barabara. Mimi sasa ndiye ninayesimamia mipango ya miundombinu ya mtaa ule, kwa hiyo lawama ingekuwa yangu. Nilisimama juu ya shimo la kwanza na mchoro wangu wa zamani mkononi. Fundi akaingiza mkono, akapapasa, akatoa ncha ya kamba. Ilikuwa imechakaa lakini nzima. Wakafunga waya, wakavuta upande wa pili, na ukapita. Tulikwenda barabara kwa barabara mpaka mchana, na hatukupasua hata hatua moja ya lami. Nilitamani uwepo nikuambie ng'ombe wamefika, na zizi limewatosha.

Wafula alikuwa Bungoma, kwenye mtambo wa upande wa huko, nami nikabaki kwenye chumba cha mtambo wetu. Tulikubaliana kwamba simu ya kwanza ya kujaribu tuipige sisi wawili. Ikalia. Nikainua.

"Nanjara, imefika," akasema.

Mama, alikuwa kama amesimama kwenye mlango wa ofisi yangu. Hakuna kukaanga, hakuna opereta, ni sauti yake tu na ile r. Na sijui ni nini kilinishika. Labda ni kwa sababu sikuwa namtazama usoni. Nilimuuliza jambo nililoshindwa kumuuliza miaka minane nikiwa nimelala ubavuni pake.

"Ile Jumamosi," nikasema, "ulikuja kutafuta nini?"

Akavuta pumzi. Kwenye laini ya zamani nisingeisikia, lakini hii mpya ilinipitishia yote.

"Mama yako aliniambia nisiseme mpaka siku utauliza," akasema. "Nimengoja sana, bana."

Kisha akanieleza. Akanieleza kwamba ulipomwagia maji ya kwanza ulimuuliza, bila hata kumtazama, kama amepata kiwanja cha simu. Akasema ndiyo, furaha imemjaa. Ukamwambia kwamba msichana wako alisikia vingine, na kwamba ndani kuna wazee wamekuja kwa mahari ile ingine. Anasema maji yalipita mikononi mwake asiyasikie. Ukamwonyesha kwa kidole njia inayopita nyuma ya ghala mpaka barabara kuu. Ukamwambia akitaka kwenda aende sasa hivi, wewe utawaambia wazee ameitwa kazini, nami nitaambiwa hivyo hivyo, na hakuna mtu wa nyumba ile atakayemchukia. Lakini akiingia, ukamwambia, aingie na miguu yake.

"Na mimi baiskeli yangu ilikuwa hapo tu," Wafula akasema. "Nikanawa mkono wa pili, nikaingia."

Nikamuuliza kwa nini. Nilikuwa nimeshaanza kulia, na fundi mmoja akatoka chumbani kwa heshima. Akaniambia mambo ya kunipigia simu kuhusu mabomba yalikuwa yamemwishia miezi mitatu kabla. Ramani za Bungoma alikuwa amezimaliza zote, na hiyo ya tangi la maji ilikuwa imebanwa nyuma ya kabati, akaiona kwa bahati. Zile simu za kila asubuhi alikuwa anabuni maswali. Alikuwa hajui aanzie wapi, akasema, na wewe ulimwanzia.

Mama, nilikaa sakafuni, pale pale, kwenye chumba cha mitambo, nikacheka na kulia mpaka kamasi. Kwa hiyo wewe ulijua. Ulijua tangu Ijumaa, na tumbo lako lilitikisika kwa kicheko. Kila ulipowaambia wanawake wa kanisa kuhusu miguu ya Wafula, ulikuwa unaniambia mimi, na mimi nikakusahihisha herufi. Nilikuficha kitu ambacho ulikuwa umekishika wewe tangu mwanzo. Nimejilaumu kwa upumbavu wangu siku mbili nzima, halafu nikaacha, maana siku ya tatu niliamka nikamkuta Wafula anakoroga uji wa watoto, nikamtazama mgongo, na kwa mara ya kwanza sikujiuliza chochote. Nilimwona tu ni mume wangu. Sijui kama nitaweza kukueleza jinsi kulivyo kwepesi.

Wajukuu wako hawajambo. Yule mdogo anasema lura badala ya rula, na baba yake ananitazama aone nitafanya nini. Sifanyi kitu. Kaburi lako tumelipanda maua yale ya njano uliyoyapenda, na mtama wako wa mwaka huu umekubali. Nikimaliza barua hii nitainua simu, niwapigie dada zako wa Kamukuywa, wenye r kama zako, niwaambie jambo la mwisho ulilomwambia Wafula kando ya ghala. Nitalisema polepole, kama alivyonisimulia yeye.

Alikuuliza, mama, ulijuaje, ikiwa hata mimi niliyeongea naye sikujua. Ukamwaga maji yaliyobaki kwenye birika, ukajifuta mikono kwa leso.

"Mimi nilizaliwa Kamukuywa," ukamwambia. "Mahari na mahari, ati nisijue tofauti?"

Wafula anaapa ulitamka yote mawili kwa r. Namwamini. Pumzika, mama, nimekusikia, na hukukosea popote.

Binti yako,
Nanjara